Usiwalete Vijana na Ngoma Stesheni

Kambi ya Wakimbizi, Élisabethville,
Tarehe 20 Mei 1962

Mpendwa Yaya Madeleine, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sisi tulio huku vumbini. Mu wazima huko Kasai, hapo Mwene-Ditu? Kifua cha shemeji kimepoa, au bado kinamnyima usingizi? Watoto wanakula vizuri? Mimi nipo, ninapumua. Ngalula mke wangu alishikwa na homa, tukaogopa, lakini sasa ameanza tena kunigombeza, kwa hiyo najua amepona. Tunakula unga wa msaada, wa njano, ambao bukari yake haishikani hata uikoroge namna gani.

Barua yako niliipata kwa mkono wa padri. Niliisoma peke yangu, kisha nikaificha. Unasema vijana wa timu ya hapo wamesikia kwamba mdogo wetu Constantin atakuja na treni ya wakimbizi, na watampokea stesheni kwa ngoma, na jezi namba tisa wamekwisha kumwekea. Yaya, tafadhali, wazuie. Asije hata mmoja. Nitakueleza kwa nini, nawe univumilie, maana si habari ya mstari mmoja.

Unajua tulivyotoka mtaani Makomeno. Wale wanaojiita wenye nchi walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani ni wa Kasai, wamfukuze, nasi tukakimbilia kwa askari wa ONU, hao wa Umoja wa Mataifa, na godoro moja. Constantin hakuililia nyumba. Aliililia timu. Wiki ileile viongozi wake walimtumia neno kwamba jina lake limeondolewa, kwamba sasa timu ni ya wenye nchi. Amewafungia magoli miaka yote ile, wamembeba mabegani mpaka mlangoni kwa marehemu mama, leo eti ni mgeni! Alilala hemani kama mgonjwa, haongei, hanyoi ndevu.

Aliyemwinua ni mzungu mmoja wa Irlandi, askari wa ONU, Sajenti Malaki. Jina ni la nabii, lakini matusi yake, Mungu amsamehe. Ni mtu wa makamo, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki. Tuliongea naye kwa kile Kiingereza nilichookota Sakania kwa watu wa reli wa Rodezia.

Jioni askari wake hucheza mchezo wa kwao wa fimbo. Fimbo yenyewe ni bapa mwishoni kama mwiko wa bukari, na kampira ni kadogo, kagumu, ka ngozi. Siku ya kwanza wanawake wa kambi walinyakua watoto wakakimbia, wakidhani tumeletewa watu wa kutupiga. Sajenti alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaona aibu, akaamuru wacheze mbali na mahema. Yeye mwenyewe alikwisha kuacha kucheza zamani. Husimama pembeni akiwatukana wanaokosa. Constantin alianza kwenda kutazama, baadaye akashika fimbo, na siku moja nikamsikia anacheka. Nilimshukuru Mungu, mjinga mimi.

Basi sajenti akawa anatusimulia uchezaji wake. Kwao timu ni parokia: unachezea pale ulipozaliwa, na hakuna kununuliwa. Kaka yake alikuwa kipa, yeye alicheza mbele. Walipochukua kombe la jimbo, baba yao, mkulima asiyesema mengi, alilijaza maziwa akanywa mbele ya majirani wote. Hiyo ndiyo furaha kubwa aliyowahi kuiona usoni kwa mzee.

Kisha akaingia jeshini, akapelekwa kambi ya jimbo jingine. Askari waliruhusiwa kuchezea jimbo la kambi yao. Jimbo la kwao lilikuwa dhaifu, naye alikuwa na kiu ya fainali ya majimbo yote, ya Dublini. Akahama. Hatua moja kabla ya fainali wakapangiwa na nani? Na jimbo la kwao, kaka yake golini. Dakika zilipokuwa zinakwisha mpira ukamwangukia yeye. Alisema alijua tangu utoto kwamba kaka yake huegemea mguu wa kulia, basi akapiga upande wa kushoto.

Fainali waliishinda, medali anayo. Krismasi alipokwenda kwao, baba aliinuka mezani, akaenda kuwaangalia ng'ombe, na hakurudi ndani mpaka huyo mwana aliyegeuka mgeni alipoondoka. Kila Krismasi ikawa hivyo. Mzee amekufa bila kumsemesha. Sajenti aliendelea kucheza, vidole vikavunjika, akacheza navyo hivyohivyo. Mechi yake ya mwisho ilikuwa ya mvua. Walimtoa, akaenda kukaa, hata mtu wa kumpa koti hakuwapo.

Kila akimaliza alirudia neno lilelile, kwamba mtu ni wa pale alipozaliwa, na jezi ya pale hakuna awezaye kumvua. Kwake yalikuwa majuto. Constantin aliyapokea kama Injili.

“Yaya Zéphirin,” akaniambia, “unasikia? Miye nilizaliwaka hapa. Kasai sijaionaka hata siku moya.”

Nikamjibu kwamba hayo ni ya Irlandi, huku kwetu kuna mambo mengine. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfukuza.

Jumapili ya mechi ya timu yake ya zamani alitoka kambini baada ya misa, jezi ya zamani ameivaa ndani ya shati. Haya mengine nimeambiwa na Kapya, kapiteni wao, yule mtoto wa jirani yetu wa Makomeno. Anasema Constantin alifika akajipanga na wenzake, akaanza kufunga viatu. Kapya akamsihi arudi. Yeye akasimama, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia:

“Ni nani alizaliwa hapa kunipita miye?”

Wachezaji wakainamisha vichwa. Mashabiki ndio walioingia, na vyuma mikononi. Walikuwa wale wale waliombeba, Yaya. Walimjua vizuri. Hawakumgusa kichwa wala mbavu, walipiga goti la kulia tu.

Kapya alimleta kwa baiskeli mpaka kwenye waya wa kambi, akilia, kisha akaondoka upesi asionekane. Daktari wa ONU amefanya aliloweza. Atatembea kwa mkongojo. Mpira, basi.

Sajenti alikuja hemani kuaga, kwa kuwa kikosi chake kinarudi kwao. Alisimama kofia mkononi, akasema alikuwa anatusimulia uchungu wake tu, hakujua kijana ataufanya sheria. Constantin akaniomba nimwulize jambo moja: tangu mtu aache kucheza, inachukua muda gani mpaka asisikie tena watu wakimwita uwanjani? Niliona haya kulitafsiri. Mzungu aliangalia vidole vyake, akajibu kwamba yeye bado hajajua.

Jana tuliandikishwa kwa treni. Karani alimwuliza Constantin kwao ni wapi. Akajibu, “Ni hapa.” Karani akauliza tena, naye akajibu vilevile. Watu nyuma yetu walikuwa wanasukumana na kupiga kelele. Nikajibu mimi kwa niaba yake: Kasai. Tangu jana hanisemeshi.

Kwa hiyo waambie vijana lolote utakalo, ila jezi waigawe kwa mwingine. Njoo stesheni peke yako. Usimtazame goti, mwulize kama amekula. Nina hofu, Yaya, kwamba atashuka kwenye treni hiyo akiwa ameshakufa moyoni, na sisi tutakuwa tunampongeza kwa kufika nyumbani.

Nisalimie shemeji Edouard, na mama mkubwa Mujinga, na huyo mtoto wako aitwaye Mimi ambaye sijamwona. Ngalula anawasalimu wote. Mungu awafunike mpaka tuonane.

Neno moja nimelisahau. Hapo kwenu mnaongea Tshiluba nyumba nzima, na Constantin anakijua cha salamu tu. Akishuka, wewe mkaribishe kwa Kiswahili.

Ni mimi ndugu yako nikupendaye siku zote,
Zéphirin