Dirisha la Upande wa Ghala

Fundi Saidi, shikamoo.

Najua hutaitikia, ila sijui kuanza nawe kwa namna nyingine. Tangu tukuzike imepita Ramadhani moja. Leo nilikuwa kwenye duka la ushirika, hapa hapa Temeke.

Kamati ya duka ilitaka kung'oa madirisha yote manane ya mninga tuliyowatengenezea na kuweka ya vioo vya luva, kama ya ofisi za mjini. Wanasema mvua inaingia, sukari inalowa. Mie nikasema mninga ule bado mzima, unataka randa na bawaba mpya tu. Mwenyekiti akauliza nimejuaje bila kuona ndani. Unanijua nikishikwa na ubishi. Nikasema nitafungua moja mbele yao, tena lile la upande wa ghala, nililolitengeneza mwenyewe nikiwa bado nafundishwa na wewe.

Fundi, dirisha lile ndilo lililonibakiza kwenye ufundi. Nilikuja kutoka Newala, nikawa naharibu kila nilichoshika, mpaka siku nilipoliona limekaa ukutani, limenyooka. Mke wangu alipofika Dar nilimpeleka kulitazama kabla hajapumzika. Siku nikikosa kazi nilikuwa napita pale, nalitazama, naenda zangu.

Nikalitoa, nikagonga maungio, yakaachia. Mbao safi, hakuna mchwa. Na pale ndani, ambapo kila mmoja wetu alitia alama yake kabla ya kufunga, ilikuwepo mikato mitatu ya patasi. Yako. Yangu ni miwili. Nikafungua pembe nyingine. Mitatu. Nilikaa chini sakafuni mbele ya kamati nzima.

Niliwaambia ukweli, kwamba nimejisifia kazi isiyo yangu. Mwenyekiti akasema kama ndani kuko hivyo, madirisha yabaki na niyatengeneze. Nimeshinda, lakini sikusikia raha yoyote.

Nikaenda moja kwa moja nyumbani kwako. Mkeo, Mama Zuhura, alikuwa anachagua mchele, na nilipomweleza hakushangaa hata kidogo.

"Lako lilipinda," akasema. "Alilibadilisha ile wiki uliyokwenda kwenu kwenye msiba. Alisema ukijua utaacha kazi."

Nikauliza langu liko wapi. Akanyoosha kidole jikoni.

Fundi, lile dirisha la kijani lisilofunga! Lile ulilolifunga kwa kamba ya katani. Miaka yote nimelicheka mbele ya watu, nikiuliza huyu ni fundi gani ambaye kwake dirisha linafungwa kwa kamba. Nawe ukacheka na mimi, ukanimiminia chai. Nimelifungua leo. Mikato miwili. Nimelia mpaka Mama Zuhura akaacha mchele wake.

Uliwezaje kunyamaza? Ningependa kukukasirikia, lakini hasira haiji.

Mama Zuhura ameniuliza kama nitamwekea jipya. Nimekataa. Kesho asubuhi naja na randa, nalinyoosha hilo hilo. Mungu akulaze pema, Fundi wangu. Safari hii hupo wa kulirudia nyuma yangu, kwa hiyo sitaondoka pale mpaka lifunge.

Mwanafunzi wako,
Hamisi