Koti la Kupimia Uzito

Baba Severini,

Nimekwenda Lulindi kumwona mama, nitarudi jioni. Uji wa mtama uko kwenye chupa ya chai. Saa nne kula yai na ndizi. Maharage ni ya watoto, usiyaguse, unajua tumbo lako. Kidogo kidogo mara sita, kama daktari wa hospitali ya Mkomaindo alivyosema, halafu lima tuta moja au mawili ili misuli irudi.

Jumamosi ulitoka kwa mnunuzi mpya wa korosho unacheka. Ukasema umepanda mizani yake, umeongezeka kilo mbili. Nilifurahi mpaka nikawatangazia majirani. Lakini suruali bado unaifunga kwa kamba ileile, fundo lilelile.

Leo asubuhi nimechukua koti lako nilifue, nikaliona zito. Mifuko imejaa korosho, na nyingine umezisukumia ndani ya bitana. Nani anafuga korosho kwenye bitana?

Mabibo yameiva mikoroshoni. Unataka uonekane umepona, upate ruhusa ya kurudi kwenye pombe yake, uraka uleule uliokulaza hospitali wiki tatu mwaka jana. ~~Nina hakika.~~ Sina hakika. Labda ulichoka kuniona nalia kila ukivua shati.

Korosho nimezirudisha kwenye gunia. Koti nimeondoka nalo. Kesho tunakwenda wote kwenye ile mizani, na utapanda na shati tu.

Kama unapungua, pungua mbele ya macho yangu.

Mama Severini