Meza ya Mama na Jua la Ijumaa

Nyumbani, nje kidogo ya Kebirigo,
Nyamira.
Jumatatu, 9 Juni 2025.

Dada yangu mpendwa Bathsheba,

Pokea salamu nyingi za kaka yako Haron. Hujambo huko Minnesota? Joto limefika, au bado mnavaa makoti? Na mwanao Bravin je, yule aliyekataa uji alipokuwa hapa, bado anachagua chakula? Sisi tuko, kwa rehema za Mungu. Mke wangu Edinah goti limemwachia, anachuma chai tena kama msichana. Mvua imetutosha na ndizi zipo.

Utashangaa kupata barua ilhali tunaongea kila Jumapili. Lakini ile simu huishika Mama, tena huifungulia sauti mpaka jirani anafuatilia habari zetu. Kuna jambo sitaki alisikie. Kwa hiyo barua hii nampa Lavender, binti ya jirani yetu Ogeto, anayesafiri Alhamisi kuja kusoma huko, akukabidhi mkononi.

Unanijua nilivyo. Tangu nistaafu kuendesha lori la majani chai, mikono inaniwasha. Edinah anasema nazunguka boma kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimegeuza banda la ng'ombe kuwa karakana: nina randa mbili, msumeno, patasi za marehemu Baba na balbu moja. Mpaka sasa nimetengeneza viti viwili, na kizimba cha sungura ambacho sungura wenyewe wamekikataa.

Mwezi uliopita nikaamua kumtengenezea Mama meza ndogo ya kando ya kitanda. Chai yake amekuwa akiiweka kwenye kile kigoda cha zamani, na ndani ya majuma matatu akavunja vikombe vinne. Alilalamika kwamba kigoda ni kifupi mno, nasi sote tukakilaumu kigoda. Akaagiza mwenyewe: meza ifike usawa wa godoro, na juu iwe na ukingo pande zote, kitu kisianguke. Nikamtania kwamba anataka meza ya gavana. Akacheka, akasema gavana hana fundi kama wake.

Nikanunua mbao za saiprasi zilizokauka vizuri, nikazipiga randa hadi banda lote likanukia. Ni miguu minne, na mbao za kuiunganisha, kila moja ina ulimi unaoingia kwenye tundu la mguu. Ni kazi isiyotaka haraka, na haraka, dada yangu, ndiyo ugonjwa wangu. Nilitaka meza iwe imesimama kabla ya Sabato.

Ijumaa alasiri Mama aliomba nimtolee kiti akae mlangoni mwa karakana. Kazi yake ya Ijumaa unaijua. Tangu tukiwa watoto, yeye ndiye hutazama jua likishuka nyuma ya vilima vya Manga, Sabato ikiingia, kisha akasema, "Wekeni chini," na kila mtu akaweka chini alichoshika. Unakumbuka mwaka ule Baba alipoacha paa limepigwa mabati nusu, mvua ikatunyeshea Sabato nzima, na Mama akatukusanya chini ya meza tuimbe nyimbo? Mimi sijawahi kuangalia saa siku ya Ijumaa, kwa sababu yeye yupo.

Nilipaka gundi upande wa kwanza, nikaubana. Nikamuuliza, "Mama, jua liko wapi?" Akasema, "Bado liko juu, fanya kazi." Nikapaka gundi upande wa pili, nikauliza tena. "Bado lipo, mwanangu. Maliza." Nilikuwa nimeinama chini ya balbu, sikuinua kichwa. Niliponyoosha mgongo kutafuta klampu ya mwisho ya kubania, nikaona nje kumeshakuwa giza. Taa za kwa Ogeto zimewaka. Kuku wameshaingia. Na Mama ameelekeza uso Manga, macho wazi, ametulia kabisa, akiniambia jua bado lipo. Nadhani ni mwanga wa balbu yangu uliokuwa ukimpiga shavuni, akaudhani jua.

Sikumwambia. Nilisema tu, "Sasa linazama, Mama," naye akaitikia, "Haya, weka chini," kama miaka yote. Nikaiacha meza ilivyo, klampu moja haijafungwa, gundi bado mbichi. Nikamshika mkono kumwingiza ndani, na safari hii nikaangalia anavyotembea. Anahesabu hatua, Bathsheba. Midomo inacheza.

Sabato yangu haikuwa Sabato. Kanisani nilikaa kama mtu aliyekalia siafu. Nikafikiria gundi inavyokauka vibaya, kisha nikajikemea kwa kufikiria gundi. Mama akasimama kuimba, kitabu wazi mkononi, anaimba kwa kukariri, bila kukitazama. Nikaanza kukumbuka yote tuliyoyaita uzee: chumvi kwenye chai, kukaa kimya mtu akiingia mpaka mtu huyo azungumze, kuacha kuchambua mboga ilhali alikuwa hamwachii mtu mboga zake. Na vile vikombe. Mimi nilikuwa natibu kigoda.

Kisha nikakukumbuka wewe. Kila Jumapili ukimwonyesha uso kwenye simu, anakuambia umenawiri na gauni limekukaa. Wakati wa Pasaka ulikuwa umenyoa nywele zote, naye akakusifu kwa ulivyosuka. Sote tulicheka, tukadhani anakutania.

Jana asubuhi nikarudi karakana. Mguu mmoja ulikuwa umekauka ukiwa umepinda kwa nje. Nikachemsha birika, nikamwagia kiungo maji moto mara nyingi mpaka gundi ikalainika, nikagonga polepole kwa nyundo ya mbao hadi ukaachia. Nikaupachika upya, nikaubana kwa klampu zote nilizo nazo. Edinah aliniletea uji wa pili akakuta wa kwanza sijaugusa. Ulipopiga simu jioni nilisingizia kwamba nina kazi. Ukweli ni kwamba sikuweza kukutazama.

Leo asubuhi nikaiingiza meza chumbani. Mama akaipapasa yote, ukingo, pembe, miguu. Alipofika kwenye ule mguu, kidole kikasimama. "Hapa ulirudia," akasema. Nikaona nafasi ndiyo hii. Nikamwambia, "Mama, Ijumaa jua lilikuwa limezama kitambo."

Akaurudisha mkono juu ya ukingo. Kisha akasema, "Nilijua. Nilisikia baridi. Nilikuona una hamu na kazi yako, nikakuachia."

Bathsheba, mwanamke huyu hajaosha hata kijiko siku ya Sabato tangu tumjue. Ameona afadhali niamini kwamba aliivunja Sabato makusudi kuliko nijue kwamba haoni. Nilitoka nje nikalia nyuma ya banda, mzee wa miaka sitini na miwili.

Nikarudi nikamtajia daktari wa macho mjini Kisii. Akasema macho yake ni mazima, niende nikaangalie ng'ombe. Namjua: anaogopa ukisikia utaacha kazi huko urudi kumshika mkono. Sijui kama ni mtoto wa jicho, ambaye hutolewa, au ni ule ugonjwa mwingine ambao unachokupokonya haukirudishi. Wewe ni muuguzi, wewe unajua. Mimi najua lori. Ninachojua pia ni kwamba siku zinakwenda, na kila asubuhi namtazama nikijiuliza ni nini kimemtoka tangu jana.

Mimi hanisikii. Wewe atakusikia, siku zote amekusikia wewe. Usimuulize kama anaona, atakudanganya kwa upole. Mwambie unajua, na kwamba huna hasira. Mwambie kwenda kwa daktari hakutakurudisha nyumbani kabla ya wakati wako. Akikubali hata kwa shingo upande, kesho yake nitakuwa naye Kisii kabla hawajafungua mlango.

Ijumaa hii atakaa mlangoni tena. Nitaangalia saa kwa siri, nimwambie jua linazama, naye ataniambia niweke chini. Nitaweka. Lakini sitaweza kwa muda mrefu, dada. Mchezo huu unanimaliza.

Msalimie sana Bravin, umwambie uji wake bado upo. Edinah anakusalimu. Ogeto na jamaa yake yote wanakusalimu. Mungu akutangulie kazini na akurudishe salama kila jioni.

Mama naye anakusalimu. Nimemwambia nakuandikia habari za meza, akasema nikuambie kwamba rangi niliyoipaka ni nzuri kuliko zote. Sijaipaka rangi.

Ni mimi kaka yako anayekupenda na kukungoja,
Haron