Kikombe Kilichonidondoka Ukweni

Marahaba, mjukuu wangu Zuhura. Hapa Soga sote wazima. Babu yako kila siku anakwenda kutazama treni, utadhani kuna mgeni anampokea.

Unauliza kama hiyo ganzi ya vidole ni ya kurogwa, na kama uache ususi. Nilipoolewa Kisarawe, kutwa nilikuwa namenya mihogo. Siku moja kikombe cha chai kikanidondoka mbele ya wageni. Mama mkwe akasema, "Kama umetuchoka, sema." Nikaokota vipande.

Alfajiri ganzi ikaniamsha. Nikatoka uani nakung'uta mkono, nikamkuta mama mkwe naye anakung'uta wake. Tukatazamana.

"Kidole cha mwisho kizima?" akaniuliza.

"Kizima, mama."

"Basi mkono wako ni kama wangu."

Tukaongozana zahanati. Wakatuambia mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono; tulale tumekifunga kibao kisipinde, na kazi tupunguze. Taratibu ganzi ikapoa. Nawe nenda mapema, dole gumba lisije likaisha nguvu. Ususi usiuache kwanza.

Tangu siku ile wageni walinywea vikombe vya udongo. Mimi na mama mkwe, vya bati.

Bibi yako,
Mwanahawa