Hasara Haiwekewi Alama ya Kutoa

Dada Zuhura,

Kiti chako bado kipo. Divine, msichana aliyeletwa ofisini kushika nafasi yako, alitaka kukikalia, nikamwambia kina mguu mbovu. Hakina shida yoyote. We unanijua nikianza ukaidi wangu.

Sijui nianzie wapi, basi naanza na kazi. Ripoti ya chama cha akiba, ile tuliyoianza pamoja, imekwenda jana na imepokelewa. Nusura isiende, na sababu ilikuwa wewe.

Programu yetu unaijua inavyotaka. Mmoja anabandika lebo kwenye kila namba, mwingine anakagua, ndipo faili inakubali kutumwa. Mi nilibandika zote peke yangu. Mikopo, kodi, mishahara, kila namba na lebo yake, ili mashine za wakubwa wanaosimamia vyama vya akiba zijue zinasoma nini. Nilipomaliza, juu ya skrini yakatokea maneno: Inamsubiri Zuhura. Nikafunga. Kesho yake nikafungua, yapo palepale. Inamsubiri Zuhura. Ikawa hivyo kila asubuhi, nikayazoea, dada, hata nikayapenda. Nikajisemea, haya, angalau tuko wawili tunaomsubiri.

Maana mi sikuona kitu. Kwetu Wakristo mutu akifa tunamkesha, tunaona sanduku, tunatupa udongo kwa mikono yetu. Siku ile presha ilipokuangusha jikoni kwako, nilitoka kwangu Kinama mbio, nikafika kwako Buyenzi nikakuta wanaume wameshakubeba kwenda kukuzika. Mdogo wako Mwajuma akanishika mkono. "Goreti, sisi wanawake hatuendi makaburini, kaa hapa na sisi." Nikakaa kwenye mkeka. Nikapewa chai, nikanywa. Nilipoondoka, kichwani mwangu ulikuwa umetoka kidogo tu kwenda kununua chapati, utarudi.

Na sijalia. Nakuambia ukweli. Watu walikuwa wanalia, mi naangalia ule mrundo wa viatu mlangoni, nawaza kila mmoja atavipataje vyake. Niko mkavu tu. Nakula, nalala, naamka, napanda basi kuja mjini. Hakuna panaponiuma, na hiyo ndiyo inaniogopesha.

Watu wamenifariji, sikatai. "Amepumzika." "Mungu alimpenda zaidi." "Kwake ni heri, amekutwa na wudhu wake." Hata shefu wetu wa ofisi, yule asiyejua kumpa mtu pole, alisema angalau hukuteseka. Wote nimewaitikia. Asante. Asante sana. Mdomo unakwenda wenyewe.

Juzi shefu akaja na simu mkononi. Chama kinauliza ripoti yao iko wapi. Muda wa kutuma unaisha, na wakichelewa wanaweza kunyimwa ruhusa ya kupokea akiba za watu. "Goreti, mutoe Zuhura kwenye mashine, uweke Divine. Unangoja nini? Aje akague toka huko?" Halafu naye akasikia alichosema, akageuka akaangalia dirishani.

Nikafungua pale pa kukutoa. Programu inataka sababu, na sababu imeshaziandika yenyewe: amehamishwa, ameacha kazi, yuko likizo ndefu. Basi, hakuna nyingine. Hivi waliotengeneza hiki kitu, kwao watu hawafi? Nilikaa pale hadi chai ikapoa. Mwisho nikachagua ameacha kazi. We, uliyekuwa unakuja na homa, umejifunga kitambaa kichwani! Jina lako likatoka. Moyoni sikusikia kitu.

Nikamwita Divine, nikamfundisha kukagua kwa namna yetu, maana ukiangalia skrini kutwa macho yanaanza kukudanganya. Mi nasoma kwa sauti, yeye anafuata kwa kidole kwenye karatasi za chama. Namba ikiwa sawa anasema "pita", ikiwa na shida anasema "rudia", kama ulivyokuwa unaniambia mimi. Tukaenda vizuri. Pita, pita, pita. Nikafika kwenye hasara ya mwaka, nikasoma: "Hasara, kutoa milioni..."

"Rudia," akasema Divine.

Nikarudia. Akakigandisha kidole kwenye karatasi, anaogopa kunikosoa. Halafu: "Dada Goreti, si lebo imeshasema hasara? Ukiweka tena alama ya kutoa, haigeuki faida?"

Ee Mungu wangu. Jambo la kwanza kabisa ulilonifundisha! Siku ile ulikuwa na chapati mkono mmoja, mwingine umeuinua mafuta yasiguse kompyuta. "Mudogo wangu, hasara haiwekewi alama ya kutoa. Jina lake limeshasema yote. Weka namba tupu, uiache. Ukiibandikia kile kistari cha kutoa, mashine itafikiri watu wamepata." Nikakuambia unanichosha. Ukacheka, ukanirudisha mwanzo. Na sasa chama kilichopoteza vile kilikuwa kinakwenda kuonekana kimepata, na programu ilikuwa imeniwekea alama ya kijani kila mahali.

Nikakifuta kile kistari. Divine akasema "pita", lakini mi sikuweza kusoma namba iliyofuata. Nilikuwa nawasikia wale watu wote wa mkekani. Amepumzika. Kwake ni heri. Kila mmoja na kistari chake kidogo mbele ya jina lako, na mi naitikia asante. Hapo pakaniuma, dada. Sikulia, apana. Lakini paliuma, na nilishukuru kwamba pameuma.

Sasa nakuaga, maana pale makaburini sikupata nafasi. Kwaheri, Dada Zuhura. Divine nitamwambia kiti nimekipeleka Buyenzi kwa mafundi, kimepona, akikalie. Kila ripoti nitaisoma kwa sauti hata nikiwa nimechoka, hilo nakuahidi. Na mutu akiniuliza habari zako, sitasema umepumzika. Nitasema nimepata hasara. Namba tupu, nitaiacha hivyohivyo.

Mudogo wako,
Goreti