Walihama au Walihamishwa

Babu, mume wangu kibogoyo,

Shikamoo. Sweta uliyonitumia imenikaa vizuri, ila mikono yake ni mirefu kama hadithi zako.

Leo darasani nilifundisha historia. Kitabu kinasema watu wa bondeni "walihama". Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, bibi yangu anasema walihamishwa." Nikafuta ubao, nikaandika neno la bibi yake. Darasa zima likauliza, "Na nani?"

Nikaikumbuka picha yako ya sebuleni: umevaa sare, nyuma yako bonde lilelile, halina nyumba hata moja. Katika hadithi zako zote, hiyo hujanisimulia.

Nimewaambia Ijumaa atakuja mgeni kuwajibu. Njoo, babu. Nitakushika mkono mpaka mbele ya darasa. Neno lile sijalifuta.

Akupendaye vilevile,
Mkeo mdogo