Bwana ya Kuazima

Yaya Ngalula,

Ni mi, Mwadi, mudogo yako. Ninakuandikia mu kaye, daftari ya masomo ya Jonas, mutoto yangu, juu karatasi ingine haiko mu nyumba. Unajua niliacha masomo mu ya tano ya primeri, basi usicheke maandiko yangu. Ulikuwa unacheka sana. "Mudogo, hii ni herufi ao ni mende alikufa?" Nilikuwa ninakasirika. Leo ningependa ucheke tena.

Nianze na mutoto yako. Dorcas iko muzima. Anakimbia, anakula bukari, ugali yetu, sawa muntu mwenye ametoka mu shimo ya kobalti. Kila asubui ninamutilia kidonge yake, ile kinini, mu maji, inayeyuka, inanukia bonbon ya sukari. Anakunywa, kisha ananionyesha kikombe haina kitu. Jonas anaonaka wivu, anauliza juu ya nini yeye hapewi. Siku ya kupima kilo munganga wa sentre anafurahi. Kwa upande ile, upumuzike.

Sasa neno yenye ilinikalisha hapa. Yaya, nilisema siri yetu. Nilisema mbele ya bamama yote ku sentre ya afya, na jina yako nilitaja. Ulinikataza, na mi nilikukubalia. Ninataka usikie namna ilitokea kwangu mi mwenyewe. Nitaandika hata yenye unajua, juu siku moja Dorcas atasoma hii barua, na yeye hakukuona sana.

Ulikuwa unasuka nywele pa mbele ya nyumba, hapa Kapata. Mi nilitoka Mutshatsha sijui hata kugawa kichwa. Ulikuwa unanipiga vidole na kisanuo: "Usivute! Hii ni kichwa ya muntu, haiko kamba ya mbuzi." Kazi yote ninafanya leo, ni wewe ulinipa.

Wakati ya mimba ya Dorcas, ku sentre kulikuwa sheria moja: mama mwenye anakuja na bwana yake anaingia wa kwanza. Balifanya vile kwa nia muzuri, babwana nao bapimwe damu. Lakini babwana yetu beko mu karieri, banachimba kobalti, wiki mbili bila kurudi. Mama mwenye alikuja yeye moja anabakia ku kiti ya murefu mupaka saa sita, mugongo inamuuma. Ulimuomba baba Ilunga, bwana yako, akusindikize. Alikujibu: "Kwani ni mi niko na mimba?"

Basi ukaazima bwana. Ulimuchukua Serge, kijana wa taksi-moto, ile pikipiki ya kubeba bantu, mwenye anasimamaka ku kona. Haukuwa wa kwanza, bamama bengi balikuwa banafanya ile. Ulimupanga vizuri: "Leo uko bwana yangu mupaka saa ine. Jina yako ni Ilunga. Na usinishike mukono." Alikuja na shati ya kanisa. Balimutoboa kidole, balikutoboa na wewe, na ku fishi, kadi yako ya kliniki, baliandika: mama hana virusi ya sida (UKIMWI), bwana hana. Juu yake stempu. Ulirudi unacheka mupaka machozi. "Mudogo, ule bwana anaogopa sindano kuliko mi ninaogopa kuzala!"

Nilicheka na mi. Tuliona tumeshinda ile kiti ya murefu, basi.

Kisha Dorcas akazaliwa, na alipokuwa ananyonya, ukaanza kukonda. Balisema malaria. Balisema tifoide. Kisha bakasema kuna muntu alikuroga juu ya bateja. Ukalala siku mingi mu chumba ya maombi. Mi nilikuuliza, nilikuuliza mara mingi, "Yaya, tusiende kupima tena damu?" Na kila mara ulitosha ile fishi mu sakoshi yako ya begani, ukanipa. "Soma wewe mwenyewe. Mama hana. Bwana hana."

Yaya, ulikuwa umesahau. Ule bwana wa ku fishi hakuwa bwana yako. Na mi nilisahau, mi mwenye nilikupigia pasi ile shati ya Serge! Uongo ilikuwa yetu, lakini ilikuwa na stempu, na sisi bantu ba masomo kidogo tunaamini stempu.

Siku yenye balipima tena, virusi ilikuwa mu damu yako, na mapafu yako ilikuwa imekwisha kuharibika. Ulinishika mukono. "Usiseme mambo ya Serge. Batasema Ngalula alikuwa na bwana wa inje." Nikakubali. Siku ya tatu tulikuzika. Balipima Dorcas, ilikuwa mu damu yake. Balipima baba Ilunga, na yeye vile. Sasa iko kwa bandugu yake Mutshatsha, anakunywa kinini, anatuma salamu. Nani aliipata mbele, kwa nani, mi sitafuti.

Nilinyamaza mwaka muzima.

Sasa niko na mimba, yaya. Myezi sita. Ilipokuwa ya myezi mbili, nilienda ku sentre mi moja, nikakaa ku kiti ya murefu, juu niliapa mi sitaazima muntu. Akaingia binti mudogo, mimba yake ya kwanza, nyuma yake bwana. Nikaangalia ule bwana. Serge! Shati ni ile ile ya kanisa.

Mama Justine, munganga wa bamama, alikwisha kufungua mulango: "Mama na bwana, karibuni." Sijui nani alinisimamisha. Nikasema, "Mama Justine, ule hapana bwana yake."

Serge akanisihi: "Mama Mwadi, tafazali, unaniharibia kazi." Bamama bakaanza kucheka. Moja akalalamika pale nyuma, "Mumuache, hata mi alikuwaka bwana yangu!" Mama Justine akavua miwani. "We Serge, uko na babibi ngapi mu mafishi yangu?" Sentre yote ikacheka, hata ule binti.

Mi sikucheka. Nikasema, "Munamukumbuka Ngalula, mwenye alitusuka sisi yote? Bwana wa ku fishi yake alikuwa huyu." Nikaeleza yote, shati, stempu, chumba ya maombi. Kicheko ikakufa. Serge alijua ulikufa, lakini hakujua mambo ya fishi. Akakaa chini pa sakafu ya sima, kofia mu mikono, na hakuna mwenye alimusukuma atoke.

Unisamehe. Ulisema batanena mubaya juu yako. Mama moja alinena, kweli, sitakuficha. Lakini bengine balikuja kwangu kisha, moja moja, na mafishi yao mu sakoshi. "Mwadi, na yangu iko vile. Nifanye nini?"

Mama Justine hakutufokea. Alipeleka maneno kwa bakubwa ba sentre. Ilikawia, tulirudi kuuliza mara mingi, lakini ile sheria balitosha, haiko tena. Sasa unaingia vile ulifika, uko na bwana ao hauko naye. Kila mama anapimwa tena mbele ya kuzala, na tena akiwa ananyonyesha, hata fishi iseme nini. Na kuko kinini ya kukinga, ya muntu mwenye hana virusi lakini anaogopa kuipata. Hatukujuaka hata kama iko.

Na juu babwana habafike ku sentre, test inabafuata mu karieri. Ni ile ya kupangusa ku fizi, haina sindano. Mi ndio ninapeleka, mi na mama mwengine. Serge anatubeba ku moto yake. Aliomba yeye mwenyewe.

Siku ya kwanza baba ya Jonas, bwana yangu, alikuwa pale na ekipe yake. Mu nyumba alikuwa amekwisha kukataa mara tatu. Nilimwambia, "Mi sitaki bwana ya kuazima ku fishi yangu. Ukikataa, pale patabakia peupe, na mutoto huyu tutamungojea na woga." Akavaa viatu, akarudi ku karieri. Sasa aliniona nashuka ku moto na kartoni ya test, akageuza uso. Barafiki yake bakapata mchezo: "Mama, hii ni ya kusugua meno? Yangu iko safi!" Serge akaingia katikati, akafungua moja, akapangusa fizi yake mbele yao. "Mi, mwenye nilikuwa bwana ya Kapata yote," akasema, "ninaanza." Bakacheka, lakini bakasogea.

Baba ya Jonas alichukua ya ine. Alishika ile kitu na mikono mbili, sawa simu yenye haina rezo, haina mutandao, mupaka dakika ya kungoja ikaisha. Mustari moja. Hana. Babili mu ekipe balikuwa na mistari mbili, na siku ile ile Serge alibapeleka ku sentre, batobolewe kidole kwa kuhakikisha. Balianza kinini. Bangali banachimba.

Na mi balinipima tena. Sina.

Fishi yako ninayo, yaya. Sikuichoma. Iko mu kikapo moja na meshi, nywele ya kusukia, na kapoti, mipira ya kujikinga yenye ninagawia bamama. Nikisuka mama mwenye mimba, ninamuonyesha, ninaweka kidole pa stempu, ninamuambia ulikuwa nani: fundi yangu, mwenye alipenda kucheka, mwenye hakutaka kukaa mupaka saa sita na mugongo inauma. Hakuna kosa ingine.

Ninakuahidi: Dorcas hatakosa kinini hata asubui moja, na siku atauliza, nitamujibu kweli yote. Na mi, nikinyonyesha, nitapimwa tena, hata stempu iwe kubwa sawa sahani.

Lala vizuri, yaya. Wiki ilipita baba ya Jonas alikuja ku sentre na miguu yake, na viatu ya karieri, akangoja na mi ku kiti ya murefu. Mama Justine akamupa biki. Ku fishi yangu, pa mahali ya bwana, aliandika jina yake yeye mwenyewe. Maandiko mubaya kuliko yangu. Mende bengi balikufa pale.

Mudogo yako,
Mwadi